Ekseli ya Lori la Jeshi: Tairi Ndilo Linaloamua

Shafti ya gurudumu haikatiki kwa siku moja. Iokote iliyokatika, ifute oili kwa kitambaa, uitazame mwisho wake kwenye mwanga. Yale meno yaliyotoka kiwandani yamenyooka kama mistari ya daftari utayakuta yamesokoteka kama ukambaa. Kila mara dereva alipokanyaga mafuta huku gurudumu limebanwa kati ya mawe mawili, chuma kilijipinda kidogo na hakikurudi chote. Siku ya mwisho ilimaliza tu hesabu iliyoanza zamani. Anayejiundia gari la kupanda miamba au la kupita kwenye tope huishika shafti hiyo na kujiuliza: nitapata wapi kitu kisichokatika tena?

Marekani, kwa zaidi ya miaka 40, jibu limekuwa ni kwenda jeshini. Tafuta lori la kijeshi lililostaafu, ling'oe ekseli, uzichomelee chini ya Jeep, pikapu, au fremu ya mabomba uliyoikunja mwenyewe. Jibu hilo lina ukweli mwingi nami silidharau. Ila swali lenyewe limeulizwa nusu. Ekseli hainunuliwi kwa ugumu wake, hununuliwa kwa ajili ya tairi itakayoizungusha. Anayetanguliza ekseli na kusema tairi litajulikana mbele ya safari hujikuta ameunda lori, na yeye alitaka gari.

Lori linalotajwa zaidi ya yote ni M35, la tani mbili na nusu. Lilianzia kwa kampuni ya REO, mjini Lansing katika jimbo la Michigan, likaingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye kampuni nyingine nazo zililiunda, AM General ikiwamo. Lina ekseli tatu na zote zinavuta. Hizo tani mbili na nusu ni mzigo wake wa porini, kwani kwenye barabara nzuri liliruhusiwa kubeba mara mbili ya hapo. Lilifanya kazi Vietnam, likadumu jeshini kwa miongo kadhaa baada ya hapo, na ndiyo maana vipuri vyake vilijaa kwenye yadi za vyuma vikuukuu nchi nzima. Ekseli za mwanzo zina jina la Timken. Mwaka 1953 kampuni ya Timken-Detroit Axle iliungana na Standard Steel Spring, ikazaliwa Rockwell Spring and Axle, na jina la Rockwell likaganda: hata leo fundi wa Kimarekani akisema "Rockwell" anamaanisha ekseli hizi, iwe nembo yake ni ipi. Juu yake zipo za tani tano, kutoka malori ya M54, M809 na M939, zenye nati 10 kwenye gurudumu badala ya 6. Nitazigusa kidogo tu, kwa sababu anayezihitaji kweli ni wa nadra.

Ukiitazama ekseli ya M35 kwa mara ya kwanza, kitakachokushangaza ni kwamba kasha la gia limekaa juu. Kwenye magari tuliyoyazoea, propela huingia mbele ya bakuli la difu, karibu na usawa wa ekseli yenyewe. Hapa kasha zima limefungwa kwa bolti juu ya bakuli, kama sufuria iliyofunikwa kwa sufuria nyingine, na propela huingilia huko juu. Sababu ni kwamba mwendo hupunguzwa mara mbili. Pinyoni huzungusha krauni, krauni huzungusha gia ndogo iliyo nayo pamoja, na gia ndogo hiyo ndiyo inayoizungusha gia kubwa iliyolishika difu. Hesabu yake nzima ni 6.72, yaani propela huzunguka karibu mara saba ili gurudumu lizunguke mara moja.

Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya lori, lakini humfaa mno mtu wa miamba. Propela inabaki juu, mbali na mawe. Gari likiinuliwa, krosi zake hazilazimiki kukunjika kwa pembe kali. Chini ya ekseli hakuna pua ya pinyoni ya kugonga jiwe. Bakuli ni mviringo mtupu unaoteleza. Na kwa kuwa ekseli ya katikati ya lori hupaswa kuipitishia nguvu ekseli ya nyuma, shafti ya pinyoni hupenya kasha na kuchomoza upande wa pili. Huo mkia utakuja kuwa na maana tukifika kwenye breki.

Shafti za magurudumu nazo hazibebi uzito wa gari hata kidogo. Habu limekaa juu ya beringi mbili zilizovalishwa kwenye mwisho wa bomba la ekseli, na shafti hupita katikati kwa kazi moja tu ya kuzungusha. Wenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 wanaujua mtindo huu: unafungua nati za flanji iliyo katikati ya gurudumu, unagonga kidogo kwa nyundo, unaivuta shafti nje, na gari bado limesimama juu ya tairi zake. Ikikatika porini, gurudumu halichomoki. Kwa anayekwenda mbali na gereji, sifa hii peke yake naithamini kuliko unene wa chuma.

Tuje basi kwenye unene. Shafti ya M35 ina kipenyo cha kama inchi 1.62. Ya ekseli ya mbele ya Dana 44, aina inayopatikana kwenye Jeep nyingi, ni inchi 1.31. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu ya shafti dhidi ya kusokotwa hukua kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara tatu. Kwa chuma cha aina moja, ya M35 ina nguvu karibu mara 1.9 ya hiyo nyingine. Ndipo watu wanaposema, "Maliza maneno, hii haikatiki."

Hesabu ina upande wa pili ambao hausemwi sana. Chukua gurudumu lililobeba kilo 1,000, limekwama kwenye mwamba mkavu lisiloweza kuteleza mpaka nguvu ya kulisukuma ikaribie uzito wenyewe. Kwa tairi la inchi 32, la ukubwa wa kiwandani kwenye Wrangler Rubicon ya zamani kidogo, shafti itabeba msokoto wa karibu nyutonimita 4,000 kabla tairi halijakubali kuteleza. Weka tairi la inchi 46 kwa uzito uleule, msokoto unafika kama 5,700, kwa kuwa tairi ni wenzo na wewe umeurefusha. Sasa ongeza uzito wa ekseli na tairi hizo mpya, gurudumu libebe kilo 1,500. Msokoto unapita 8,500, zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza. Shafti uliyonunua ina nguvu mara 1.9.

Sidai kwamba Rockwell ni dhaifu. Gia zake, beringi zake na bomba lake ni vya lori, na shafti si kiungo pekee kinachovunjika. Ninachosema ni kwamba ekseli nzito yenye tairi kubwa haikupi akiba ya nguvu unayoidhania. Sehemu kubwa ya akiba hiyo inaliwa na tairi, na inayobaki inaliwa na uzito wa ekseli yenyewe.

Hakuna aliyeliishi jambo hili hadharani kuliko Bob Chandler wa Missouri. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa na duka la vipuri vya magari ya kuvuta magurudumu manne, na pikapu yake ya Ford F-250 ya mwaka 1974 ndiyo ilikuwa tangazo la duka. Aliiharibu mara kwa mara. Jina Bigfoot lenyewe lilitokana na mguu wake mzito kwenye mafuta. Kila kilipovunjika kitu alifunga kikubwa zaidi, na kila alipofunga kikubwa zaidi aliweza kuvaa tairi kubwa zaidi, na tairi lile likaenda kuvunja kitu kingine. Kwa njia hiyo alifika kwenye ekseli za malori ya jeshi na tairi za inchi 48. Alifunga ekseli yenye usukani mbele na nyuma, gari likapinda kwa magurudumu yote manne. Mwaka 1981 alilipandisha juu ya magari mabovu yaliyopangwa shambani na kuyaponda. Mwaka uliofuata akaja na la pili, lenye tairi za inchi 66 za mashine za kunyunyizia mbolea, na mchezo mzima wa magari ya aina hiyo ukazaliwa.

Mtu akisikia kisa hicho huona ushindi wa ekseli za jeshi, na ulikuwa ushindi. Mimi huona pia ngazi isiyo na mwisho. Magari ya mchezo huo leo hayana tena ekseli za malori ya zamani. Yana ekseli zenye seti ya gia ndani ya kila habu, ili shafti zenyewe zisibebe msokoto wote. Waliopanda ngazi mpaka juu waliacha kunenepesha chuma na wakabadili mahali ambapo mwendo unapunguzwa. Nitalirudia hilo.

Ile 6.72 nayo inadai tairi lake. Gari likienda kilomita 90 kwa saa kwa tairi za inchi 46, propela huzunguka kama mara 2,750 kwa dakika. Giaboksi ikiwa kwenye gia ya moja kwa moja, injini nayo iko hapohapo, na inavumilika. Weka tairi za inchi 37 kwenye ekseli ileile, injini itapiga kama mizunguko 3,400 kwa mwendo uleule, safari nzima, ikinywa mafuta na kuchosha masikio. Kwa hiyo tairi kubwa si anasa kwa mwenye Rockwell, ni lazima. Na tairi la kweli la kiwango hicho, kwa mfano lile la Michelin la 395/85R20 linalotoka kwenye malori mapya ya jeshi, hupita kilo 100 peke yake, bila rimu.

Hapo ndipo uzito unapoingia kwa miguu yote miwili. Ekseli moja ya M35 ikiwa na dramu zake hupita kilo 300. Jumlisha mbili, na tairi nne na rimu zake: chini ya springi kuna tani moja na zaidi, wakati Jeep nzima ilipotoka kiwandani ilikuwa kama tani mbili. Kwa mtu wa miamba, kuna faida humo. Uzito ulio chini kabisa hushusha kitovu cha gari, nalo husimama kwenye mteremko wa ubavu ambapo jingine lingebiringika. Anayetambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea hapati shida na springi zake.

Ongeza mwendo, mambo yanageuka. Springi na shokapu hufanya kazi yake pale mwili wa gari unapokuwa mzito kuliko vilivyo chini yake, ili gurudumu likipigwa na shimo lirudi chini upesi, na mwili ubaki umetulia. Vilivyo chini vikikaribia uzito wa mwili, shimo halilitikisi tena gurudumu, linamtikisa dereva. Ekseli inakwenda inapotaka na mwili unaifuata. Ushahidi mzuri uko jangwani Johnson Valley, California, kwenye mbio za King of the Hammers zilizoanza mwaka 2007. Kwa siku moja gari hukimbia kwenye mchanga wazi kwa mwendo wa barabara kuu, kisha huingia kwenye mabonde ya mawe makubwa kama vibanda. Kama ekseli za lori zingekuwa jibu la kila kitu, zingekuwa zimejaa pale. Wengi wanaoshindania nafasi za mbele wamehamia kwenye ekseli za kuundwa kwa bamba la chuma, zenye shafti nene za aloi bora, ngumu sana kwa uzito wake. Wanalipa fedha nyingi ili kupunguza kilo, na hawafanyi hivyo kwa ulimbwende.

Breki ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri zaidi. M35A2, ambayo ndiyo iliyouzwa kwa wingi, ina breki za dramu, na mafuta ya breki hupita kwenye mfumo mmoja kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, pedali inakwenda mpaka sakafuni na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Dramu zikizama kwenye maji ya tope, huchukua muda kabla hazijashika tena. Kwa hiyo mwenye akili huzing'oa na kufunga diski kwenye kila gurudumu, na mfumo wenye sehemu mbili zisizotegemeana, kazi inayogharimu karibu sawa na ekseli yenyewe.

Wengine hufuata njia ya mkato. Ule mkia wa pinyoni unaochomoza nyuma ya kasha hufungiwa diski moja. Kwa kuwa diski hiyo inazunguka mara 6.72 kwa kila mzunguko wa gurudumu, breki ndogo ya gari dogo inatosha kulisimamisha gari zima, nayo iko juu, mbali na tope. Kwenye mwamba inafanya kazi vizuri ajabu. Lakini fikiria nguvu inakopita: kutoka diski, kupitia gia, difu, shafti, hadi tairi. Shafti ikikatika, gurudumu lile limepoteza uvutaji na breki kwa pamoja. Na difu likiwa halijafungwa, gurudumu moja likinyanyuka au likikanyaga matope, linaweza kuzunguka kinyumenyume huku jingine likiendelea mbele, diski ikiwa imeshikwa kabisa. Gari la namna hiyo lipakiwe kwenye trela, lishushwe porini, lirudi juu ya trela. Kwenye barabara ya umma, ambapo mtoto anaweza kuvuka mbele yako, sioni hoja yoyote ya kulitetea.

Usukani una shida ndogo zaidi, ila ni ya kila siku. Ekseli ya mbele ya M35 haipindi sana, kwani jointi zake zilipimwa kwa lori lenye uwanja wa kugeukia. Vifundo vyake vimefunikwa kwa mpira, na mpira ule ukichanika grisi hutoka na maji huingia. Tairi la inchi 46 nalo haligeuzwi kwa usukani wa Jeep. Waundaji wengi hutumia pistoni ya haidroliki peke yake, bila chuma kinachounganisha usukani na magurudumu. Nchi nyingi haziruhusu hilo barabarani. Bado kuna upana: M35 ni lori la mita 2.4, na gari lenye upana wa namna hiyo haliingii kwenye njia iliyofunguliwa na gari dogo.

Nilisema nitarudi kwenye gia zilizo gurudumuni. Wajerumani walifika huko mapema, na hawakufika kwa sababu ya vita. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili mhandisi Albert Friedrich alitaka mashine ya shamba, itakayolima, kubeba, na kupita juu ya mimea bila kuikanyaga. Uzalishaji wa mashine hiyo, Unimog, ulianza mwaka 1948 kwa Boehringer, na mwaka 1951 ukahamia kwa Daimler-Benz huko Gaggenau. Ekseli yake haiishii katikati ya gurudumu. Bomba linakuja juu zaidi, na kwenye kila mwisho kuna kasha dogo la gia mbili: ya juu inapokea shafti, ya chini inazungusha gurudumu. Gari linapata nafasi chini ya tumbo bila kuongeza ukubwa wa tairi, na kwa kuwa upunguzaji wa mwisho uko pale pale gurudumuni, shafti na difu vinapata kazi nyepesi, kwa hiyo vinaweza kuwa vidogo. Unimog 404, iliyoundwa kuanzia mwaka 1955 hadi 1980, zaidi ya 64,000, ilikwenda kwa majeshi kwa wingi. Ina hesabu ya jumla ya 7.56, difu zake zote mbili zinafungika kutoka kiwandani, na kutoka katikati ya tairi moja hadi nyingine ni kama mita 1.63, upana ambao Jeep inauelewa. Waswidi nao walikuwa na Volvo C303 yenye ekseli za mtindo huo, na mwaka 1983 moja ilishinda daraja lake la malori kwenye mbio za Paris–Dakar.

Kwa akili yangu, ekseli ya namna hiyo ni wazo bora kuliko Rockwell. Inalitatua tatizo pale lilipo, badala ya kulizidi kwa uzito. Ila haisamehe kila kitu. Ile 404 iliundwa kwa injini ya petroli ya nguvu farasi 80 na ushei, na anayeifungia V8 kubwa na tairi za inchi 44 anaomba zaidi ya ilivyoahidi. Zaidi ya hapo, ekseli ya Unimog hushikiliwa na bomba nene linaloifunika propela mpaka kwenye giaboksi. Ukilikata bomba hilo ili uifunge kwenye gari lingine, inabidi uunde mikono mipya ya kuizuia ekseli isijikunje, na uhakikishe pinyoni imeegemea vizuri. Ni kazi ya fundi mwenye vipimo, si ya jioni moja na mashine ya kuchomelea.

Wenzetu wa Kenya wana mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa kuilinda milima ya Aberdare, haimtuzi mwenye mwendo. Kwa saa 10 kila gari hupita vituo 13, na mshindi ni aliyevipitia vyote kwa umbali mfupi zaidi, maana yake aliyekata moja kwa moja kupitia korongo, miba na majabali. Kuna wakimbiaji wanaotangulia kwa miguu kutafuta upenyo, na winchi haipumziki. Sasa pima Rockwell kwa sheria hizo. Kila upenyo kati ya miti miwili lazima uwe mpana kwa gari la mita 2.4. Kila mara gari likilala ubavu, watu na winchi watanyanyua uzito wote ule wa ziada. Hapo wembamba na wepesi ni umbali uliookolewa, na kwa kipimo cha mchezo huo umbali ndio kila kitu. Shafti ngumu inahitajika, lakini haitoshi.

Basi ekseli hizi ni za nani? Naziona zikimfaa mtu ambaye tayari ameshaamua tairi la inchi 44 au zaidi, anakwenda polepole kwenye tope zito au majabali, ana nafasi ya upana, na gari lake halitakwenda barabarani. Kwake yeye hakuna chuma kingine cha bei ile kinachofanana nacho. Za tani tano namwachia anayeunda gari la tani tano. Kwa wengine wote, jeshi lilikuwa na jibu jingine ambalo halipigiwi kelele, kwa sababu halitishi kwa macho. Mwaka 1984 jeshi la Marekani lilianza kupokea pikapu za Chevrolet za M1008. Mbele zina Dana 60, yenye shafti za inchi 1.5. Nyuma zina ekseli nzito ya General Motors yenye bolti 14 kwenye mfuniko wake, ambayo shafti zake pia hazibebi uzito, na difu linalojifunga lenyewe. Hesabu ya gia ni 4.56. Kwa tairi za inchi 40, kilomita 90 kwa saa ni kama mizunguko 2,150 ya propela, injini ikipumua taratibu. Ni nzito, lakini bado ni ekseli za pikapu. Upana wake ni wa barabarani, breki za diski zinaingia bila kuunda kila kitu upya, na vipuri viko kwenye kila duka la vipuri Marekani.

Magari ya kiraia nayo yameyafuata hayo. Ford za Super Duty kuanzia mwaka 2005 zina Dana 60 ya mbele yenye pembe nzuri ya kupinda na breki kubwa, na kwa kuwa pikapu zilizogongwa ni nyingi, ekseli zake zimejaa yadini. Hizo M35 zinapungua kila mwaka. Malori yaliyozirithi jeshini tangu miaka ya 1990 yana ekseli nyingine kabisa. Halafu kuna hesabu ya kimyakimya ambayo mnunuzi hugundua amechelewa: lori moja lina ekseli tatu, na inayopinda ni moja tu. Anayetaka usukani mbele na nyuma kama Chandler atanunua malori mawili, abaki na ekseli nne za nyuma zilizolala uani.

Kama baada ya yote hayo umesimama yadini mbele ya Rockwell na umeridhika kwamba tairi lako linaidai, usiinunue kwa kuipiga teke. Fungua plagi ya chini ya bakuli kidogo tu, uache oili ichuruzike kidoleni. Ikiwa nyeupe kama uji wa mchele, maji yameingia zamani na beringi zimekaa ndani yake miaka. Chunguza mpira wa kila kifundo cha mbele, mzunguko wote, na hasa upande wa chini usioonekana. Kisha mwombe mwenzako ashike tairi moja lisizunguke, piga chaki kwenye lile jingine, uzungushe flanji ya pinyoni kwa mkono huku ukihesabu. Gurudumu moja likiwa limeshikwa na difu likiwa wazi, chaki hurudi ilipoanzia baada ya mizunguko mitatu na theluthi ya flanji. Ukihisi mahali inapokwama, kila mara pale pale, kuna jino lililovunjika, na ekseli hiyo uiache palepale ulipoikuta.